Kijana wa chuo, mstaafu, au wawili pamoja? Ulinganisho kwa mwenye biashara ndogo

Nafasi ya kazi ni moja na barua mezani ni mbili. Ya kwanza ni ya kijana wa miaka 24 mwenye stashahada ya ugavi, hajawahi kuajiriwa popote, wasifu wake umepangwa vizuri kuliko wa bosi mwenyewe. Ya pili ni ya mama wa miaka 60 aliyetoka halmashauri juzi, ameandika kwa mkono, miaka yake yote ya utumishi ameimalizia stoo. Kila unayemuuliza ana jibu lake, na wengi wanajibu haraka mno: "Chukua kijana, ana nguvu." "Chukua mtu mzima, ametulia." Majibu yote mawili yanaweza kukuingiza hasara.

Kuna njia ya tatu ambayo wenye maduka wengi hawaifikirii kwa sababu inaonekana ghali: kumwajiri kijana kwa kazi ya kila siku na kumchukua mstaafu kwa siku chache za wiki. Nitazilinganisha zote tatu. Mfano wangu mkuu ni duka la vifaa vya ujenzi lenye watu wachache, kwa kuwa mle faida na hasara za umri zinaonekana kwa macho. Shule binafsi, zahanati na gereji nitazigusa pale mambo yanapotofautiana. Sheria na viwango ninavyovitaja ni vya Tanzania Bara.

Kwanza tujue wastaafu hawa wanatoka wapi. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika kuondoka akifikisha 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wamesogezewa hadi 65. Kwa hiyo kila mwezi kuna wahasibu, walimu, wauguzi, mafundi mitambo na watunza stoo wanaokabidhi ofisi wakiwa bado na macho, miguu na akili timamu. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, nacho kimebadili hesabu zao. Tangu Julai 2022 mkupuo, yaani fedha ambazo mstaafu hulipwa kwa mara moja, ulikuwa asilimia 33 ya mafao, na bajeti ya mwaka 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililozoea kupata 50, na 35 kwa kundi lililozoea kupata 25. Kinachobaki kinalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Maana yake kwa mwajiri ni kwamba mtu aliyekaa mbele yako tayari ana pensheni inayoingia. Anataka kumalizia nyumba, au kumlipia mjukuu ada, au ameona kuku wa mayai si biashara rahisi kama alivyoambiwa kwenye semina ya kuagwa. Mazungumzo yake na wewe yatakuwa tofauti na ya kijana anayesubiri mshahara huo huo alipe kodi ya chumba.

Vigezo nitakavyotumia

Gharama halisi kwa mwezi. Muda unaopita kabla kazi haijashika. Kama atakaa au ataondoka. Ulinzi wa mali na fedha. Simu na kompyuta. Mwili na afya. Nani anamwamrisha nani. Mkataba na sheria. Na ujuzi unaobaki dukani baada ya mtu kuondoka. Havina uzito sawa. Kwangu cha kwanza na cha mwisho ndivyo vinavyoamua zaidi, na cha mkataba ndicho kinachosahaulika hadi siku mtu anapokwenda CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi.

Gharama halisi

Weka mshahara pembeni kidogo, angalia vinavyoambatana nao. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na mgawanyo uliozoeleka ni 10 kwa mwajiri na 10 kwa mfanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachukua asilimia 0.5 kutoka kwako. Ukifikisha wafanyakazi kumi inaingia na tozo ya ujuzi, SDL, asilimia 3.5. Vyote hivi havijali umri.

Chukua mifano ya duka lenye watu chini ya kumi. Kijana wa shilingi 500,000 atakugharimu 552,500. Mstaafu wa muda wote, tuseme mmeelewana 700,000, atakugharimu 773,500. Kijana wa 500,000 pamoja na mstaafu wa siku mbili kwa wiki kwa 300,000 ni 884,000. Viwango vya mishahara ni vya kujifunzia tu, weka vya mtaa wako. Tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu hapo ni 110,500 kwa mwezi, ambayo haifiki bei ya mifuko kumi ya saruji. Jiulize stoo yako inapoteza mifuko mingapi kwa mwezi bila maelezo.

Kuna vitu viwili visivyoonekana kwenye hesabu hiyo. Kijana aliyesoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na wewe ndiye mwenye wajibu wa kukata na kuwasilisha. Hazitoki mfukoni mwako, lakini anayepokea kidogo mkononi ataanza kuomba nyongeza mapema, au ataanza kutafuta pengine. Upande wa pili, wastaafu wengi wa serikali waliochangia mfuko wa bima ya afya, NHIF, kwa miaka mingi wanaendelea kutibiwa wao na wenza wao, kwa hiyo wewe unayefikiria bima ya wafanyakazi utakuta huyu tayari ana kadi. Muulize tu, usidhani.

Muda kabla kazi haijashika

Hapa mstaafu anaongoza ikiwa kazi ni ile ile aliyokuwa akifanya. Mhasibu aliyefunga hesabu za mwaka mara nyingi hahitaji kufundishwa kwa nini vocha isiyo na kiambatisho hailipwi. Mwalimu mstaafu anaingia darasa la saba Jumatatu na Jumanne tayari anajua nani hajui kugawanya.

Akibadilishiwa kazi, faida hiyo inayeyuka. Mtu aliyezoea halmashauri, ambako kununua boksi la karatasi kunahitaji saini tatu, anaweza kukuchelewesha kwenye duka ambalo mteja amesimama na fundi wake yuko juu ya paa. Nimeona mtunza stoo mzuri sana akimsubirisha mteja wa misumari akijaza fomu ambayo hakuna mtu angeisoma. Hakuwa mvivu, alikuwa anatii utaratibu wa mahali pengine.

Kijana anaanza polepole kwa kila kitu lakini hana cha kusahau. Mpe miezi mitatu yenye mtu wa kumwonyesha, atakuwa wa kwako. Bila mtu wa kumwonyesha atajifunza kwa makosa, na makosa hayo unayalipia wewe. Njia ya tatu inafupisha kipindi hicho, kwa sharti kwamba siku za mstaafu zipangwe kufundisha na si kufanya kazi ambazo kijana anaziangalia kwa mbali.

Kukaa au kuondoka

Waajiri huuliza kwa hofu: "Huyu mzee atakaa miaka mingapi?" Swali hilo hilo tunalisahau kwa kijana. Kijana mwenye stashahada anaomba kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kila tangazo linapotoka, na matangazo ya serikali yanataka mwombaji asizidi miaka 45, kwa hiyo dirisha lake liko wazi kwa miaka ishirini. Siku jina lake likitoka kwenye orodha ya walioitwa kazini, anaaga kwa meseji. Simlaumu, hata mimi ningekwenda.

Mstaafu dirisha hilo limemfungia. Akipata mahali panapomheshimu na si mbali na nyumbani, ana sababu chache za kuhama. Kinachomwondoa ni ugonjwa wake au wa mwenzake, msiba, au kuhamia kijijini. Mara nyingi utaiona ikija.

Kuna jaribio moja la Uingereza linalotajwa sana, na linafaa hapa kwa kuwa lilikuwa la duka la vifaa vya ujenzi na vya nyumbani. Mwaka 1989 kampuni ya B&Q ilifungua tawi la Macclesfield kwa wafanyakazi wote wa miaka 50 na kuendelea, kisha likalinganishwa na matawi mengine ya kampuni hiyo. Faida ilikuwa juu kwa asilimia 18, utoro ulikuwa chini kwa asilimia 39, upotevu wa mali chini kwa asilimia 58, na wafanyakazi walioacha kazi walikuwa pungufu karibu mara sita. Ni tawi moja, nchi nyingine, soko jingine la ajira. Usiende kumsomea mkeo takwimu hizo kama ahadi. Ila zinatosha kumnyamazisha anayesema mtu mzima ni mzigo kwa asili yake.

Ulinzi wa mali na fedha

Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Stoo zimeharibika na wazee wamo. Uaminifu hauji na mvi, na kijana si mwizi kwa sababu ni kijana. Kinachokuja na miaka ni kuzijua njia ambazo mali hupotelea.

Chukua lundo la saruji. Kijana anahesabu mifuko ya mbele, anazidisha kwa ya pembeni, anazidisha kwa kimo, anaandika jibu. Hesabu yake ni sahihi kabisa darasani. Mtunza stoo wa zamani anapanda juu ya lundo. Anajua kuwa mtu akitaka kuiba saruji haondoi mifuko ya mbele, anaondoa ya katikati kisha anafunika juu, na lundo linabaki limesimama kama boma huku ndani kuna tundu. Akiwa huko juu anaangalia pia tarehe kwenye mifuko. Saruji iliyokaa muda mrefu hufanya mabonge, na kama mzigo mpya unapangwa mbele ya wa zamani, ile ya nyuma haitauzika kamwe. Ujuzi huo haupo kwenye stashahada. Upo kwenye magoti ya mtu aliyewahi kukatwa mshahara kwa upungufu ambao hakuuelewa.

Lakini leo wizi umehamia pia kwenye simu. Mteja anaonyesha meseji ya malipo ya Lipa Namba, ina jina la duka, kiasi, namba ya muamala, kila kitu. Mstaafu anaisoma kwa makini kama anavyosoma hundi, anaridhika, anatoa bati. Kijana haitazami kabisa simu ya mteja. Anafungua ya duka kuangalia kama pesa imeingia. Haijaingia. Mtu na bati angekuwa ameshafika Mbagala.

Ukiwa na mmoja tu, mlango mmoja umeufunga na mwingine uko wazi. Wawili wanaoangaliana ni udhibiti wa kawaida kabisa wa kihasibu: anayepokea mali asiwe ndiye anayepokea pesa.

Simu na kompyuta

Hapa sitakawia. Kijana atakuwekea bidhaa kwenye WhatsApp Biashara, atapiga picha zinazovutia, ataandika bei, atajibu mteja saa nne usiku. Mstaafu anaweza kujifunza, na wengi waliotoka serikalini hivi karibuni wameshatumia mifumo ya malipo ya kompyuta kwa miaka. Anayekwambia mtu wa miaka 60 hajui kompyuta anamfikiria babu yake. Mashine ya risiti, EFD, haimsumbui mtu aliyewahi kuandika stakabadhi. Kuuza mtandaoni ni jambo lingine. Kama nusu ya mauzo yako yanatoka Instagram, hicho kigezo kimoja kinaweza kuvishinda vingine vyote.

Mwili na afya

Kubeba nondo, kupanga mabati juu ya lori, zamu za usiku mfululizo zahanati: kijana. Usimtafutie mtu mzima sifa ya kishujaa.

Kwa kazi nyinginezo tatizo mara nyingi si mtu, ni mahali pa kazi. BMW walilijaribu hili mwaka 2007 kwenye kiwanda chao cha Dingolfing, Ujerumani. Walipanga mstari mmoja wa uzalishaji wenye wafanyakazi wa wastani wa miaka 47, umri ambao walitarajia kiwanda kizima kingekuwa nao miaka kumi baadaye, kisha wakawauliza wafanyakazi wenyewe kinachowaumiza. Yalifanyika mabadiliko madogo 70: sakafu ya mbao badala ya zege, viti vya kunyanyua kama vya saluni, lenzi za kukuza vitu vidogo, meza zinazopanda na kushuka. Gharama ilikuwa kama yuro 40,000, na katika mwaka mmoja tija ikapanda kwa asilimia 7. Kwenye duka lako jambo hilo lina maana ya taa nzuri stooni, kiti chenye egemeo, mkokoteni, na rafu za vitu vinavyouzwa kila saa kuwekwa usawa wa kiuno. Kijana naye atavifurahia.

Ugonjwa upangie. Sheria inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mtu mwenye presha au kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi hapotei kazini kwa ghafla. Ana tarehe yake, iandike kwenye kalenda. Katika njia ya tatu pengo hili linazibika lenyewe kwa kuwa kijana yupo.

Nani anamwamrisha nani

Bosi ana miaka 34. Ripoti ya stoo ilitakiwa Ijumaa, leo ni Jumatatu. Anaingia, "Shikamoo mama," anaitikiwa marahaba, anaulizwa watoto wanaendeleaje, anaondoka bila kuuliza ripoti. Hili ndilo gumu kuliko yote kwetu, na haliandikwi kwenye vitabu vya menejimenti vya Ulaya. Kumkaripia mtu wa rika la mama yako hakuwezekani, na kumwacha hakuwezekani pia.

Wanaofanikiwa huweka makubaliano kwenye karatasi tangu siku ya kwanza: ripoti gani, siku gani, saa ngapi. Hapo humuulizi mama, karatasi inauliza. Shikamoo inabaki pale pale na ripoti inadaiwa. Na jambo likiharibika, analiongea mwenye duka mwenyewe faraghani, si msimamizi wa miaka 26 mbele ya wapakiaji.

Upande wa kijana, mamlaka si shida. Shida yake ni wateja na wapakiaji wazee wasiomsikiliza. Kijana akimwambia dereva wa lori kwamba mzigo umepungua, dereva anacheka. Mama akisema hivyo hivyo, dereva anarudi kuhesabu. Njia ya tatu ina hatari yake hapa: mstaafu anaweza kuwa mahakama ya rufaa ya kila mtu, kijana akazimika. Eleza mbele ya wote kwamba msimamizi wa stoo ni kijana, na mzee ni mwalimu na mkaguzi wake.

Mkataba na sheria

Anza na tangazo lenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetaja umri miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa, isipokuwa pale ambapo sifa hiyo ni ya lazima kwa asili ya kazi. "Anatakiwa muuzaji wa kike, umri 20 hadi 28" linaloning'inia mlangoni mwa maduka mengi ni kesi inayosubiri mtu wa kuifungua.

Kwa kijana mambo ni ya kawaida: mkataba wa maandishi, kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 12, likizo ya siku 28 kwa mwaka, saa 45 za kawaida kwa wiki.

Kwa mstaafu wa muda wote ni hivyo hivyo, pamoja na tahadhari moja. Wengi hupenda kumpa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ni wazo zuri, lakini mkataba wa muda maalum hautolewi kwa kila cheo. Sheria imetaja aina za kazi na mazingira yake. Kwa mhasibu au mkuu wa shule hakuna tabu. Kwa mtunza stoo, mwonyeshe mwanasheria kabla ya kusaini.

Kwa mstaafu wa siku chache ndipo watu wanapojikwaa. Humwita "mshauri", humlipa mkononi, hukata kodi ya zuio asilimia 5 ya huduma za kitaalamu wakikumbuka, mengine hakuna. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii jina ulilompa. Inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi ikiwepo hata moja ya dalili ilizozitaja: unaamua saa zake, unaamua namna anavyofanya kazi, unampa vifaa, anakutegemea kwa kipato, anakufanyia wewe peke yako, au amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Siku mbili kwa wiki za saa nane zinapita 60 kwa mwezi. Huyo ni mfanyakazi wako. Mwandikie mkataba wa saa chache, lipia WCF, ulizia NSSF utaratibu wa mtu ambaye ameshaanza kupokea pensheni, na ulale usingizi. Ushauri wa kweli ni ule wa mtu anayekuja kuhesabu mali mwisho wa mwezi, anatoa ripoti na ankara yake, ana wateja wengine na hakuombi ruhusa ya kuondoka.

Ujuzi unaobaki

Biashara ndogo nyingi hazipimi hiki kabisa. Kijana akiondoka baada ya miaka miwili anaondoka na alichojifunza kwako. Mstaafu wa muda wote akiondoka anaondoka na vyote alivyokuja navyo, na kwa kuwa alikuwa hodari, hakuna aliyehangaika kujifunza. Nimeona gereji iliyomtegemea fundi mmoja wa injini za dizeli za zamani, anayeweka bisibisi sikioni na kukwambia ni bomba lipi la mafuta lina shida. Vijana wa pale walikuwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, wakiamini huyo mzee ni wa kumpelekea magari mabovu ya halmashauri. Alipoacha kazi, magari hayo yakaanza kurudishwa kwa wateja bila kutengenezwa, na wateja wakaenda kwingine.

Njia ya tatu ndiyo pekee iliyojengwa kwa ajili ya hili, lakini haijitendi. Mwandikie mstaafu kwenye mkataba kwamba kazi yake mojawapo ni kufundisha vitu hivi na hivi kufikia mwezi fulani: kupokea mzigo, kuhesabu lundo, kujaza kadi ya stoo, kusoma hati ya kusafirishia, kuongea na msambazaji anapochelewesha. Kijana aandike kila kimoja kwenye daftari kwa maneno yake, mzee asahihishe. Wizara ya kazi ina programu ya uanagenzi inayowaweka vijana kazini kwa kujifunza kwa vitendo. Falsafa ni ile ile, hapa unaifanya mwenyewe chini ya paa lako.

Kwa hali yako

Mali inapotea na hujui inapotelea wapi: mstaafu wa muda wote, aliyewahi kushika stoo au ukaguzi, kwa mwaka wa kwanza. Ukishaziba matundu, mrudishe kwenye siku chache na umlete kijana.

Biashara ni mpya, bidhaa ni chache, wateja wanatoka mtandaoni: kijana. Hela ya mtu wa pili iweke kwenye mtaji, na mchukue mhasibu mstaafu mara moja kwa mwezi akuandalie ritani za TRA.

Duka linakua, wewe mwenyewe huna muda wa kufundisha, na ulishachoka kuajiri upya kila mwaka: wawili pamoja. Ukiwa na muda wa kukaa na kijana kila asubuhi, humhitaji mstaafu, wewe ndiye mzee wa duka.

Shule binafsi: vipindi 30 kwa wiki mpe kijana, madarasa ya mtihani na usimamizi wa taaluma mpe mwalimu mstaafu. Mpangie ratiba isiyompandisha ghorofa ya pili mara sita kwa siku.

Zahanati: muuguzi mstaafu anafaa sana kliniki ya mama na mtoto na kusimamia usafi wa vyombo, zamu za usiku zibaki kwa vijana. Kabla ya yote omba kuona leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na tarehe ya mwisho wake. Uzoefu wa miaka 35 wenye leseni iliyokwisha muda ni tatizo lako siku ya ukaguzi.

Una bajeti ya mtu mmoja na haiongezeki: ajiri kijana, kisha mwombe mstaafu mmoja wa mtaani aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuhesabu mali, umlipe kwa siku hiyo kwa ankara. Hakikisha anahesabu wakati aliyeiandika hesabu ya kwanza yupo, na kwamba amepanda juu ya lundo.